Si Kila Figo ya Mwenye Kisukari Imeharibiwa na Sukari

Mwenye kisukari akiambiwa figo zake zimeanza kushindwa kazi, mara nyingi haulizi kwa nini. Jibu analo tayari: ni sukari. Nyumbani wanasema hivyo, majirani wanasema hivyo, na wakati mwingine faili lake la kliniki huandikwa hivyo kabla ya kipimo kingine chochote kufanyika. Na mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Kisukari na presha ndivyo visababishi vikubwa vya ugonjwa sugu wa figo duniani, na katika kila watu kumi wenye kisukari, watatu hadi wanne hupata tatizo la figo maishani mwao.

Lakini mara nyingi si kila mara. Kuwa na kisukari hakumkingi mtu na kichocho, mawe, tezi dume, homa ya ini wala madhara ya dawa za maumivu. Mzee aliyezibwa njia ya mkojo na tezi dume hatapona figo kwa kuongezewa insulini. Anahitaji njia ifunguliwe, na ifunguliwe mapema. Ndiyo maana swali la chanzo ni la kuulizwa mapema, si la kuachwa mpaka siku ya kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Utafiti uliofanyika kwenye jamii mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa watu 7 katika kila 100. Karibu nusu yao hawakuwa na kisukari, presha wala virusi vya UKIMWI. Maana yake ni kwamba katika mazingira yetu vyanzo vingine vya ugonjwa wa figo vipo, na ni vingi. Huko New York, madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza vinyama vya figo vya wagonjwa 620 wenye kisukari. Asilimia 37 walikuwa na madhara ya kisukari peke yake, asilimia 36 walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na asilimia 27 walikuwa na vyote viwili. Hao walikuwa wagonjwa waliotiliwa shaka tangu mwanzo, kwa hiyo asilimia hizo si za wenye kisukari wote. Zinaonyesha tu kwamba daktari akiwa na sababu ya kushuku, shaka yake mara nyingi huwa na msingi.

Mwendo wa kawaida wa sukari kwenye figo

Ili utambue kisichokuwa cha sukari, sharti ujue kwanza sukari yenyewe inavyoenda.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta za vichujio hunenepa, lakini badala ya kuwa imara huanza kuvuja, kama kifumbu kilichoachana nyuzi: tui linapita na machicha nayo yanapita. Kinachovuja kwanza ni albumini, protini ambayo kwa kawaida hubaki kwenye damu.

Mara nyingi basi mambo hufuatana hivi: albumini kidogo kwenye mkojo, kisha albumini nyingi, presha inapanda, na taratibu nguvu ya kuchuja inashuka. Safari hiyo huchukua miaka. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ni nadra figo kuguswa kabla ya miaka mitano ya ugonjwa. Kwa aina ya pili hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuwa ameishi na sukari miaka kadhaa pasipo kujua, akagunduliwa siku moja huku figo zimeshaanza kuathirika.

Wakati wote huo mgonjwa hasikii maumivu. Katika utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 369 wa kliniki ya kisukari walipimwa figo. Zaidi ya wanane katika kila kumi walionyesha dalili za tatizo la figo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua. Mwili hautakupigia kelele. Sharti upimwe.

Vipimo viwili vya kuanzia

Cha kwanza ni cha mkojo: uwiano wa albumini na kreatinini, ambao kwenye karatasi ya maabara huandikwa ACR. Chini ya miligramu 30 kwa gramu (au 3 kwa milimoli, kutegemea maabara) ni kawaida. Kati ya 30 na 300 ni uvujaji wa wastani. Juu ya 300 ni uvujaji mkubwa.

Usihukumiwe kwa kipimo kimoja. Homa, UTI, hedhi, mazoezi makali ya siku iliyotangulia, moyo ulioelemewa au sukari iliyopanda sana vyote vinaweza kuongeza albumini kwa muda. Kanuni ni kwamba vipimo viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, vikubaliane.

Vituo vingi havina ACR, vina kijiti cha mkojo. Muuguzi huchovya kijiti kwenye mkojo, anasubiri kidogo, halafu analinganisha rangi za vile viraka na zile zilizochorwa kwenye kopo. Kiraka cha protini hutoka njano kwenda kijani, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Kijiti ni msaada mkubwa, ila hakioni uvujaji mdogo wa mwanzoni, na ukiwa umekunywa maji mengi mkojo mwepesi unaweza kukidanganya. Kijiti kikisema hakuna kitu, bado ACR ina kazi.

Cha pili ni cha damu: kreatinini. Namba yake peke yake haitoshi. Kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo maana yake hubadilika kwa umri na jinsia. Chukua kreatinini ya mikromoli 120. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni nguvu ya kuchuja ya karibu 74. Kwa mama wa miaka 58, namba hiyohiyo ya 120 ni nguvu ya karibu 45, yaani figo zake zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo. Nguvu hiyo ndiyo huandikwa eGFR. Juu ya 90 ni nzuri. Chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15 ni figo kushindwa. Ukiambiwa "kreatinini yako imepanda kidogo tu," omba eGFR.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe vyote viwili tangu siku anapogunduliwa, na mwenye aina ya kwanza kuanzia mwaka wa tano. Baada ya hapo ni angalau mara moja kwa mwaka.

Maswali matano yanayochambua chanzo

Hakuna jibu moja kati ya haya linalomaliza shauri. Daktari huyatazama kwa pamoja, na nawe unaweza kuyatazama ukiwa nyumbani na karatasi zako mkononi.

*1. Una kisukari tangu lini?* Miaka kumi na zaidi, hasa sukari ikiwa haikutulia, inaelekeza kwenye kisukari. Miaka miwili ya aina ya kwanza yenye protini nyingi kwenye mkojo haielekezi huko. Kwa aina ya pili, rudi nyuma: je, kabla ya kugunduliwa ulikuwa na kiu isiyokwisha, kukojoa usiku, ganzi miguuni? Hizo ni dalili kwamba sukari ilikuwepo kabla hujagunduliwa.

*2. Macho yanasemaje?* Mishipa midogo ya retina, nyuma ya jicho, huumizwa na sukari kwa namna inayofanana na ile ya figo, na daktari anaweza kuitazama moja kwa moja bila kukata. Kwa mwenye aina ya kwanza, karibu kila ambaye figo zake zimeharibiwa na sukari huwa na madhara kwenye retina pia. Retina ikiwa safi kabisa, chanzo kingine kitafutwe kwa bidii. Kwa aina ya pili kanuni hiyo hulegea: wapo wengi ambao figo zimeguswa na macho bado mazima. Kipimo kinachotakiwa ni cha kupanua mboni na kutazama ndani, au kupigwa picha ya retina. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, kwani mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho huku retina inavuja damu.

*3. Ndani ya mkojo kuna nini zaidi ya protini?* Kisukari huvujisha albumini; si desturi yake kuleta damu ya kuonekana kwa macho. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kola una chanzo chake na utafutwe: kichocho, mawe, kifua kikuu cha njia ya mkojo, uvimbe, au vichujio vilivyoshambuliwa na kinga ya mwili. Hata damu isiyoonekana inaweza kuwa na maana. Fundi wa maabara akiona kwa hadubini chembe nyekundu zilizogandamana kwa umbo la mirija, amekuta dalili nzito ya kuvimba kwa vichujio. Usaha bila vijidudu vya kawaida kuota humfanya daktari afikirie kifua kikuu. Kuna na kinyume chake: eGFR imeshuka sana lakini mkojo hauna protini. Baadhi ya wenye aina ya pili huwa hivyo kwa sababu ya sukari yenyewe, ila hapo presha ya muda mrefu, dawa na kuziba kwa njia ya mkojo vichunguzwe.

*4. Figo zinashuka kwa kasi gani?* Sukari huharibu kwa miaka. eGFR iliyotoka 80 hadi 35 ndani ya wiki au miezi michache haikufuata mwendo huo. Vivyo hivyo mtu aliyelala mzima Jumatatu na kuamka amevimba uso na miguu kabla ya Ijumaa, mkojo una povu zito. Hapa ndipo karatasi za zamani zinapokuwa mali. Bila matokeo ya mwaka jana, daktari hana njia ya kujua kama eGFR ya 35 ni habari ya leo au ya miaka minne.

*5. Mwili mzima na picha ya figo vinaonyesha nini?* Vipele, viungo kuuma, nywele kunyonyoka, homa za muda mrefu na kupungua uzito si dalili za figo ya kisukari. Ultrasaundi nayo ni rahisi, haina maumivu, na inapatikana hospitali nyingi za wilaya. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Za mwenye kisukari hubaki na ukubwa wa kawaida, au huwa kubwa kidogo, kwa muda mrefu. Figo zilizosinyaa mapema, moja kuwa ndogo kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, figo zilizojaa maji, au zilizojaa vifuko vya maji, kila moja ya hizo ina habari tofauti na sukari.

Vyanzo vinavyojificha nyuma ya kisukari

*Dawa za maumivu.* Hiki ndicho cha kwanza kuuliza, kwa sababu ndicho rahisi kuondoa. Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini na ndugu zake huuzwa duka la dawa bila cheti, na mwenye kisukari anayeumwa miguu, mgongo au magoti huzimeza kila siku bila kuzihesabu kama dawa. Hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikikutana na dawa ya presha na kidonge cha kukojoza, na juu yake mtu akaharisha au kutapika, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Waambie kliniki kila unachomeza, pamoja na sindano za maumivu.

*Mitishamba.* Baadhi ya mimea ina sumu ya figo iliyothibitishwa, na chupa ya dawa ya kienyeji mara nyingi haisemi ndani kuna nini. Usiifiche kwa kuona haya. Njoo nayo.

*Kuziba kwa njia ya mkojo.* Kwa mwanaume aliyepita miaka hamsini ni tezi dume: mkojo unaanza kwa shida, unakatika, na mwenyewe anaamka usiku mara kwa mara. Tatizo ni kwamba kuamka usiku ni dalili ya sukari pia, hivyo wengi husingizia sukari. Kwa mwanamke, saratani ya shingo ya kizazi iliyoenea inaweza kubana mirija ya mkojo. Mawe hufanya hivyo kwa wote. Kisukari chenyewe kinaweza kuua mishipa ya fahamu ya kibofu, kibofu kikawa hakimalizi mkojo. Yote haya ultrasaundi huyaona, na mengi hurekebishika yakiwahiwa.

*Kichocho.* Waliokulia Unguja, Pemba, ukanda wa pwani na baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa wanakijua: damu mwishoni mwa kukojoa. Wengi walikipata utotoni wakakisahau. Mayai ya minyoo huacha makovu kwenye kibofu na mirija, na makovu hayo yanaweza kuziba figo miaka mingi baadaye, wakati mhusika ameshakuwa mtu mzima mwenye kisukari. Mwambie daktari ulikulia wapi.

*Virusi.* Virusi vya UKIMWI vinaweza kushambulia figo moja kwa moja, na homa ya ini B na C vilevile. Mwenye kisukari mwenye protini nyingi kwenye mkojo apimwe vyote vitatu. Anayetumia ARV ajue kwamba tenofovir, iliyomo kwenye michanganyiko mingi, kwa watu wachache huumiza mirija ya figo. Si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kupimwa kreatinini na, ikibidi, kubadilishiwa dawa na daktari.

*Presha na mishipa ya damu.* Presha iliyokuwepo miaka mingi kabla ya sukari inaweza kuwa ndiyo yenye kosa kubwa. Mshipa mkuu wa figo nao unaweza kusinyaa, hasa kwa wavutaji sigara na wenye mafuta mengi kwenye damu. Huyo presha yake haishuki hata kwa dawa tatu, na akianzishiwa dawa za kundi la enalapril au losartan, kreatinini inaruka. Kupanda hadi asilimia 30 baada ya kuanza dawa hizo kunakubalika. Zaidi ya hapo kunahitaji uchunguzi. Ndiyo maana damu irudiwe kupimwa wiki mbili hadi nne baada ya kuzianza.

*Kinga ya mwili na saratani ya damu.* Lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, huwapata zaidi wanawake vijana. Myeloma, saratani ya uboho, huja kwa wazee na maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Protini yake haionwi vizuri na kijiti cha mkojo, kwa hiyo kijiti kinaweza kusema salama wakati figo zinaumia.

Wagonjwa wawili wa mfano

Mama wa miaka 60, kisukari cha aina ya pili miaka 15. Retina imeonyesha vidonda vya sukari tangu miaka minne iliyopita. ACR imepanda mwaka hadi mwaka: 45, kisha 120, sasa 340. eGFR imeteremka polepole kutoka 82 hadi 58. Mkojo hauna damu, ultrasaundi ni ya kawaida. Kila jibu linaelekea upande mmoja. Huyu hahitaji msururu wa vipimo vya gharama. Anahitaji matibabu ya figo ya kisukari yaanze mara moja.

Baba wa miaka 48, kisukari cha aina ya pili miaka miwili, sukari imetulia. Retina safi. Amevimba miguu ndani ya wiki mbili, kijiti kimekolea kijani kwenye protini na kiraka cha damu nacho kimebadilika. Miezi mitano iliyopita kreatinini yake ilikuwa ya kawaida, leo ni maradufu. Akiandikiwa "figo za kisukari, endelea na dawa," anaweza kupoteza figo zinazookoleka. Huyu anatakiwa kupimwa virusi, kupigwa ultrasaundi, na kufikishwa kwa daktari bingwa wa figo wiki hiyohiyo.

Kuchukua kinyama cha figo

Pale majibu yanapogongana, kipimo kinachomaliza ubishi ni kuchukua kinyama cha figo. Mgonjwa hulala kifudifudi, ngozi ya mgongo hutiwa ganzi, na daktari akiongozwa na ultrasaundi huingiza sindano maalumu na kutoa vipande vyembamba kama uzi. Vipande hutazamwa kwa hadubini. Baadaye mgonjwa hulazwa saa kadhaa akiangaliwa, kwani hatari kuu ni kutoka damu. Kwa walio wengi ni mkojo wenye rangi ya damu unaojisafisha wenyewe; wachache huhitaji matibabu zaidi. Kipimo hiki hufanyika hospitali kubwa za rufaa, na wenye dawa za kulainisha damu, ikiwemo aspirini, waseme mapema.

Hakifanywi kwa kila mwenye kisukari, na haifai kifanywe hivyo. Yule mama wa mfano hakihitaji. Yule baba huenda akakihitaji.

Kujua chanzo kuna faida hata figo zikishafika mwisho. Tanzania ilianza kupandikiza figo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na wafadhili wa figo kwa kawaida huwa ndugu. Kama ugonjwa ni wa kurithi, kama ule wa vifuko vya maji, ndugu anayejitolea achunguzwe asije naye akawa nao. Na yapo magonjwa yanayoweza kurudi kwenye figo mpya. Timu ya upandikizaji ikijua hujipanga.

Ikithibitika kuwa ni sukari

Kuambiwa ni sukari si mwisho wa safari. Presha ishushwe chini ya 130/80. Dawa za kundi la enalapril na losartan hupunguza uvujaji wa protini. Hazitumiwi na mjamzito. Tangu mwaka 2019 majaribio makubwa ya dawa za kisukari za canagliflozin, dapagliflozin na empagliflozin yameonyesha kwamba dawa hizi huchelewesha figo kushindwa. Anayezitumia asishtuke kijiti kikionyesha sukari nyingi kwenye mkojo: ndivyo zinavyofanya kazi. Metformini hupunguzwa figo zinaposhuka na huachwa eGFR ikiwa chini ya 30. Chumvi ipunguzwe, sigara iachwe, na anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mwezi haujaandama.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Mtu wa miaka mingi na insulini au glibenklamidi anaanza kuona sukari inashuka yenyewe, anatetemeka na kutoka jasho kwa kipimo kilekile cha siku zote. Nyumbani wanashangilia kwamba ugonjwa unaisha. Mara nyingi ni kinyume: figo zimechoka, hazitoi insulini na dawa mwilini kwa wakati, hivyo zinakaa muda mrefu zaidi. Sukari ikianza kushuka bila wewe kubadilisha chakula wala dozi, pima figo.

Uende kliniki na nini

Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja: za kliniki, za duka la dawa na za mtaani. Beba matokeo ya zamani ya kreatinini, mkojo na macho; kama huna, anza leo daftari lenye safu nne: tarehe, presha, eGFR, ACR. Kisha uliza:

– Daktari, nini kinakuonyesha kwamba chanzo ni sukari?
– Macho yangu yamekaguliwa kwa ndani?
– Mkojo wangu una damu?
– Figo zangu zimeshuka kwa kasi gani tangu mwaka jana?
– Nimepigwa ultrasaundi? Nimepimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini?
– Katika dawa ninazotumia, ipi inaweza kuumiza figo?
– Nikiharisha au kutapika, ni dawa zipi nizisimamishe kwa muda?

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona mkojo umepungua sana au umekatika, mkojo una damu, uso na miguu vimevimba ghafla, pumzi inakatika ukilala, kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa, au homa pamoja na maumivu makali ya kiuno. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo.

Na ukijibiwa kwamba chanzo ni sukari kwa sababu tu una sukari, omba kwa heshima upelekwe kwa bingwa wa figo, hasa kama kisukari chako ni cha miaka michache, macho ni mazima, mkojo una damu au figo zimeshuka kwa haraka. Hiyo ni haki ya mgonjwa yeyote, na daktari makini hataichukia.